Bologna ya Yaya

Mimi ukinishusha mji wowote duniani, nipe saa moja tu, nitakuwa nimeshajua rangi inauzwa wapi na nani anayetoa kazi. Sikusoma. Niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilimaliza kwa huruma ya mwalimu. Lakini leo ukipita Silver Spring, kando ya Washington, ukaona vani nne nyeupe zenye ngazi juu na jina langu ubavuni, ujue ndimi. Nimepaka rangi nyumba za mawakili na madaktari, na ya jenerali mmoja mstaafu kule Potomac aliyenipa mkono mbele ya wajukuu zake akasema hajaona kona zilizonyooka kama zangu. Nayataja haya mapema ili msomaji ajue kwamba anayesimulia si mtu wa kupotea njia hovyo. Na ndiyo maana habari ya Yaya haijanitoka rohoni.

Yaya ndivyo tulivyomwita wote, Watanzania, Wakenya, Wakongomani, waliokuwa wakubwa kwake na wadogo. Jina lake nalijua, siliandiki. Alizaliwa wapi, kwa mama gani, hayo hakuyazungumza na mimi sikuyachimba. Ukimwuliza kwao ni wapi alikuwa anajibu, "Kwetu ni pale nilipoanika nguo." Akishasema hivyo, anageukia sufuria yake, maswali yamekwisha.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye viatu vya kiume na sweta mbili, moja juu ya nyingine, hata mwezi wa sita. Alikaa ghorofa ya tatu, jengo letu la matofali mekundu nyuma ya stesheni ya Metro, chumba na sebule. Humo alilea watoto wa wauguzi, madereva wa teksi na wahudumu wa hoteli, watano au sita kwa wakati mmoja, na Neema wangu akiwemo tangu ana miezi minane. Asubuhi saa kumi na moja na nusu unagonga, anafungua kabla hujashusha mkono. Anamchukua mtoto, anamnusa kichwa, anasema, "Huyu hajalala vizuri. Mmegombana?" Na kweli tulikuwa tumegombana.

Kabla ya kuja Amerika alifanya kazi Italia miaka kumi na mmoja, kwenye nyumba ya wakubwa, katika mji wa Bologna. Yule bwana alipohamishiwa Washington kikazi walimbeba Yaya pamoja na masanduku. Walipomaliza muda wao wakarudi, yeye akabaki. Makaratasi yake yalikaaje baada ya hapo sijui, na kwetu huku si adabu kumwuliza mtu mzima jambo hilo. Yeye mwenyewe alisema mara moja tu, tunashuka ngazi, kana kwamba anataja hali ya hewa: "Mimi nikitoka nchi hii, sirudi. Basi nimeshaona nilichoona."

Na alichokiona ni Bologna. Mtu akisikia Italia anataka habari za Papa. Mama mmoja wa kanisani alimshika mkono, macho yanang'aa, "Yaya, miaka yote hiyo, ulimwona Baba Mtakatifu?" Yaya akamjibu, "Papa hakai mtaa wetu, mwanangu." Majengo makubwa alikuwa hayajali. Alikuwa na neno lake: "Kitu kikubwa kinajionyesha chenyewe, hakinihitaji." Yeye alipenda vile vilivyojificha, ambavyo hata wenyeji huvipita kila siku na mkate kwapani.

Alituambia kuna ukuta wa kawaida kabisa, mtaa wa kawaida, na kwenye ukuta huo pana dirisha dogo lenye kibao. Ukikivuta kibao, unaona maji. Mfereji mzima wa maji unapita nyuma ya nyumba, kuta zimesimama ndani ya maji, nguo zimeanikwa juu yake, na wewe uliyesimama barabarani ulikuwa hujui. Alituambia kuna baraza la kale lenye dari la mbao refu sana, na kwenye mbao hizo imechomeka mishale mitatu ya zamani. Nani alipiga na alikuwa anamlenga nani, kila Mtaliano ana hadithi yake. Tena kuna mahali katikati ya mji, chini ya tao kubwa lenye pembe nne. Unasimama pembe moja umeugeuzia ukuta uso, kama mtoto aliyeadhibiwa. Mwenzako anasimama pembe ile ya mbali, naye anatazama ukuta. Ukinong'ona, sauti inapanda ukutani, inavuka darini, inamshukia sikioni. Katikati watu wanapita na hawasikii. Ilisemekana hapo zamani mapadri waliwaungamishia wenye ukoma, kila mtu pembe yake.

"Na la nne lipo," alikuwa akiniambia, "linahusu sanamu ya mungu wao wa bahari, na mahali pa kusimama ili uione vibaya. Hilo nitakuambia siku ukiwa na mkeo." Akacheka mpaka akashika ukuta.

Alivijua vitu hivyo kwa sababu ya Alhamisi. Watumishi wa nyumbani kule walikuwa na mapumziko Alhamisi mchana, na yeye Alhamisi yake aliitumia kutembea, kwa sababu kutembea hakuna kiingilio. Desturi hiyo alikuja nayo Silver Spring. Ikifika saa sita mchana siku ya Alhamisi, mtoto yeyote aondolewe. Nilipokuwa na kazi kubwa kule Laurel, jengo zima la ofisi, nilimwomba anikalie na Neema Alhamisi moja tu.

"Haiwezekani, baba."

"Mama, nitakupa mara mbili."

"Sinyora wangu wa Bologna naye alikuwa anataka kuinunua. Kama sikumwuzia yeye mwenye gari la dereva, nikuuzie wewe mwenye ngazi?"

Kunitania alikuwa hodari. Mimi nikianza kusimulia mambo yangu, jinsi nilivyoanza na ndoo moja na brashi ya kuokota, yeye anasikiliza vizuri tu, halafu anauliza, "Debe leo limejaa, Baba Neema, au bado linalia?" Watoto wanacheka hata kama hawajaelewa. Na watoto wale walikuwa hawajibu Kiswahili, ukiwasemesha wanakurudishia Kiingereza, lakini Bologna waliijua kama kijiji cha bibi yao. Neema akiwa na miaka sita alikuwa akisimama kwenye kona ya ngazi za jengo letu, uso ukutani, ananong'ona, kisha anakimbilia kona ya pili kusikiliza kama sauti yake imefika.

Usidhani alikuwa anausifu ule mji kwa sababu alitendewa mema. Kule alikula amesimama. Alilala kwenye chumba kisicho na dirisha, karibu na tangi la maji moto. Akimwigiza Sinyora wake anavyoonja mchuzi na kukunja pua, ungekufa kwa kicheko, lakini mkono wake ulikuwa unakaza kitambaa. Nilimwuliza, "Sasa mama, mji uliokutesa unaupendea nini?" Akasema, "Mji haukunitesa. Nyumba ndiyo ilinitesa." Alichukia watu wanaoharibu tambi, kisha yeye mwenyewe anazipika na pilipili na dagaa. Alikuwa anawagombeza wazazi kwa dakika tano za kuchelewa, na kanisani alifika wakati wa tangazo la mwisho.

Niliwahi kumpeleka Washington mjini kwenye vani yangu mpya, nimwonyeshe majumba meupe. Nilikuwa nimenyoa, nimevaa koti. Alitazama kidogo akasema, "Vizuri. Hebu tuzunguke nyuma." Nyuma kulikuwa na mapipa, na wapishi wawili wameketi kwenye kreti wanavuta sigara. Akawaamkia. Walikaa naye dakika ishirini, mimi nimesimama na koti langu.

Lakini jambo lililowafanya watu wamkabidhi watoto ni hili. Neema alipokuwa na miaka mitatu alivunja jino kwenye ukingo wa meza. Kabla sijapangusa rangi mikononi simu imelia. "Baba Neema, mtoto ameanguka, jino limekatika, damu imesimama. Nilikuwa nimempa kisogo. Kosa ni langu." Mlezi mwingine angesema mtoto mtundu, au meza, au sakafu. Yeye alianza na kisogo chake. Wauguzi wale waliokuwa wakimwachia watoto usiku na mchana walijua kwamba Yaya akisema homa imeshuka, imeshuka. Hakuwa na cheti, hakuwa na karatasi ya aina yoyote. Alikuwa na neno lake, na ndilo lililomlipia kodi ya nyumba.

Hilo neno ndilo nililoliharibu mimi.

Kulikuwa na maonyesho ya vigae na plasta, ya wajenzi kutoka duniani kote, na yalifanyika wapi? Bologna. Mteja wangu mmoja alitaka plasta ya chokaa ya Kiitaliano kwenye kumbi zake, akanilipia tiketi nikaangalie. Fikiria, mtu wa darasa la saba. Nilinunua suti. Nikaenda kwa Yaya kumuaga, naye alipolisikia jina la mji aliketi chini.

"Utakwenda dirishani?"

"Mama, nitakwenda popote utakaponiambia."

"Andika."

Aliniandikisha safari nzima jikoni kwake, Neema amekaa mezani anasoma. Hakuwa na majina ya mitaa. Yeye mtaa aliujua kwa miguu na pua. Nyumba yenyewe aliitaja: ina simba wawili wa mawe mlangoni, karibu na soko la samaki. Kisha: "Ukitoka mlangoni kata kulia. Hesabu nguzo thelathini na nane. Utasikia harufu ya mkate. Kata kushoto, tembea mpaka baraza linapokwisha. Ukuta ulio mbele yako ndio wenye dirisha." Mji ule, nieleze, barabara zake zina mabaraza yaliyoezekwa, nguzo na matao mtaa hadi mtaa, mvua ikinyesha huhitaji mwavuli. Nguzo ndizo alizokuwa akihesabia. Aliniambia, "Ukirudi, uniambie umeona nini. Usiniletee kitu. Uniambie tu."

Nilimaliza maonyesho, nikabakiwa na siku moja. Nyumba ya simba niliipata haraka, sikushindwa. Nikasimama mbele ya lango kubwa, nikainyoosha tai, nikakata kulia, nikahesabu. Thelathini na nane. Harufu ya mkate hakuna. Nikakata kushoto, nikatembea hadi baraza linapokwisha. Mbele yangu duka la viatu vya kike. Nikarudi, nikahesabu upya. Mara ya tatu nikahesabu kwa kugusa kila nguzo kwa kidole, wapita njia wananitazama. Duka la viatu. Nikamwuliza polisi kwa mikono, akanionyesha choo. Miguu iliwaka moto ndani ya viatu vipya, na hasira ikanipanda. Mimi! Mtu anayekadiria ukuta kwa macho bila futi kamba!

Nikafikia hitimisho langu ndani ya ndege. Yule mama hajawahi kuliona dirisha lolote.

Wiki niliyorudi kulikuwa na arobaini ya kuzaliwa ya mtoto wa muuguzi mmoja, kwenye ukumbi wa chini wa jengo letu. Pilau, soda, watu kama hamsini. Yaya alikuwepo, amekaa karibu na dirisha na kichanga mapajani. Alikuwa ananitazama tangu nilipoingia. Alikuwa anangoja nimfuate nimwambie. Nami nilikuwa nimeshazungukwa.

Kamau, Mkenya anayetengeneza lifti, akaanza: "Ehe, mdosi! Italy ilikuwaje? Uliona ile dirisha ya Yaya?"

"Dirisha?" nikasema, na sauti yangu mnaijua. "Niliona viatu vya kike!"

Wakacheka. Mtu akichekwa vizuri hawezi kuacha. Nikawaonyesha nilivyokuwa nahesabu nguzo, kidole mbele, tai imepinda. Nikawaigizia polisi na choo. Mzee mmoja wa Kikongo akajaribu kunizuia kwa upole, "Mais papa, labda walijenga hiyo magasin ya viatu nyuma, baada yake?"

"Papaa, jengo lile ni la kale kuliko babu wa babu yako! Hapana. Huyu Yaya wetu Bologna hakufika. Aliiona kwenye kalenda ya ukutani."

Kicheko cha mara hii kilikuwa kidogo. Wengine walimtazama. Yeye alikuwa anampangusa mtoto mdomo. Akasema, si kwa sauti kubwa, "Kama hukuliona, hukuliona." Akamrudisha mtoto kwa mama yake, akavaa sweta ya tatu, akaondoka bila kufunga chakula cha kwenda nacho.

Mke wangu hakunisemesha njia nzima, na njia ilikuwa ngazi tu.

Sasa sikiliza maneno yanavyotembea. Jumatatu ile mama mmoja alimtoa mwanawe. Wiki iliyofuata wa pili. Mmoja wao nilimsikia kwa masikio yangu, kwenye duka la vyakula vya kwetu, anamwambia mwenzake huku anachagua mihogo, "Kama anaweza kututungia mji mzima, je, homa ya mtoto?" Mimi nilikuwa nyuma ya magunia ya mchele. Ningeweza kutoka nikasema jambo. Nilisubiri waondoke. Kufikia Krismasi Yaya alikuwa na mtoto mmoja tu, Neema, na Neema alikuwa anakuja baada ya shule kwa saa mbili. Hakunitaja wala hakunifungia mlango. "Shikamoo mama." "Marahaba, baba." Lakini habari za debe zikaisha, na za Bologna zikaisha. Neema akimwuliza habari za mishale mitatu, anamwambia, "Kula, mwanangu."

Mwezi wa nne mteja wangu aliniagiza tena, kwenda kuchagua plasta yenyewe, na safari hii nilimchukua mke wangu, kwa sababu naweza. Mke wangu husafisha nyumba za watu Bethesda tangu tufike nchi hii. Nimemwambia aache, hataki. Siku ya kwanza tu akasema, "Nipeleke kwenye nyumba ya simba."

"Ya nini tena?"

"Nipeleke."

Tukasimama mbele ya lango. Anatazama shaba inayong'aa, anatazama zulia jekundu ngazini. "Ulianzia hapa kuhesabu?"

"Ndiyo. Aliniambia ukitoka mlangoni."

Mke wangu alinitazama kama anavyotazama madoa. "Baba Neema. Yaya alipita hapa? Na ndoo? Na taka? Kwenye zulia hili?"

Akaniacha, akaizunguka nyumba. Nyuma kulikuwa na kichochoro na mapipa, na mlango mfupi wa chuma, kizingiti chake kimelika katikati kwa miguu ya watu. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, mtu anakaanga vitunguu. "Huu ndio mlango," akasema. "Kata kulia."

Niseme ukweli hapa. Mimi nilipita milango ya nyuma miaka tisa. Nilibeba ndoo za rangi kwenye ngazi za dharura, theluji mabegani, kwa sababu mhudumu wa mbele alikuwa hataki kutuona. Siku niliyoanza kuingilia mbele niliapa sitazunguka tena nyumba ya mtu. Nikashika kiapo hicho vizuri mno, hadi nikasahau kwamba mlango wa pili upo.

Tulikata kulia. Nguzo ya thelathini na nane, mkate. Wala si harufu tu, mwokaji mwenyewe yuko mlangoni na unga hadi kwenye nyusi. Kushoto. Baraza likaisha. Ukuta, na kwenye ukuta kibao. Nikakivuta.

Tulifika kote. Mishale tuliitafuta mpaka shingo zikauma. Mwenye duka la jirani alitoka akatuonyesha kwa ufagio. Sanamu ya mungu wa bahari mke wangu aligundua mwenyewe pa kusimama, akajifunika uso kwa mtandio, na sitaandika zaidi. Mwisho tukafika chini ya lile tao. Nikaenda pembe yangu, yeye pembe yake, tumewapa watu wote visogo. Nikajisikia mjinga. Nikatania ukutani, "Haloo, kuna rangi hapa inabanduka."

Kisha sauti ya mke wangu ikanishukia sikioni, karibu kuliko ninavyomsikia kitandani. "Ulimkosea yule mama mbele ya watu. Karekebishe mbele ya watu."

Niligeuka. Alikuwa bado anatazama ukuta wake.

Tuliporudi nilikodi ukumbi uleule wa chini, nikawaita walewale, mke wangu akapika. Nikasimama. Watu walidhani nazindua vani ya tano. Nikawaambia, "Yaya alisema kweli. Mimi nilikosea mlango." Nikaeleza kila kitu, kalenda na yote, na hakuna aliyecheka isipokuwa Kamau mwanzoni. Yule mama wa mihogo aliniambia baadaye, macho chini, "Afadhali umesema, kaka. Lakini wangu ameshazoea kwa mwingine." Na Yaya hakuwepo. Alikuwa amehama wiki mbili kabla. Chumba chake kilikuwa kinapakwa rangi, na waliopaka walikuwa wanapaka vibaya.

Ilinichukua mpaka mwisho wa kiangazi kumpata. Alikuwa Oxon Hill, anamtunza bibi mmoja Mwamerika mweusi, mwalimu mstaafu, aliyejifunza Kiswahili ujanani kwa mapenzi yake mwenyewe na hakupata watu wa kuzungumza nao. Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Njia nzima kwenye barabara ya mzunguko nilikuwa napanga maneno. Mimi kwa maneno sishindwi. Nilikuwa na hotuba ya radhi yenye mwanzo na mwisho, na katikati niliweka Bologna, maji yanang'aa, nguo zimeanikwa, kuta zimesimama ndani yake. Nilitaka nimpe zawadi.

Bibi mwalimu alinifungulia, ameegemea kigari chake cha kutembelea, akanisalimu kwa Kiswahili kilichopigwa pasi: "Karibu, ndugu. Tafadhali pita ndani." Kisha akarudi kwenye televisheni yake.

Yaya alikuwa jikoni anachambua maharage. Alikuwa amekonda. Sweta zilikuwa mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mke hajambo? Neema?"

"Hawajambo. Mama, nimekuja..."

"Nimesikia ulisimama ukumbini. Sikukutuma."

"Hukunituma. Lakini mama, siku ile mbona hukuniuliza nilianzia wapi kuhesabu? Ungeniuliza tu."

"Ulikuwa unachekesha watu. Anayechekesha watu haulizwi swali." Akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage. "Halafu watu wanasema mengi. Wewe mwanzo ulisema hukufika, wakakuamini. Sasa unasema umefika, wanakuamini. Mimi nitajuaje? Huenda mkeo kakuonea huruma, mkatunga. Ulifika dirishani?"

"Nilifika."

"Ukavuta kibao."

"Nikavuta."

Akaacha kuchambua. "Uliona nini?"

Hapo hotuba yangu ilikuwa tayari mdomoni. Maji yake niliyajua, nilikuwa nimeyasikia kwake miaka kumi. Angefurahi. Ningeyasema vizuri kuliko yalivyo. Nikamtazama vidole, nikakumbuka simu ile, nikiwa na rangi mikononi, mtu anayeanza na kisogo chake.

"Hayakuwepo maji, mama," nikasema. "Ni matope tu. Matope, baiskeli moja iliyooza, na wanaume wawili wamevaa mabuti hadi mapajani wanazoa takataka kwa koleo. Palikuwa pananuka. Samahani."

Aliinamia sinia lake la maharage. Nikadhani nimemvunja mara ya pili.

"Mwezi gani?"

"Wa nne."

"Wa nne," akasema. Na uso wake ukafunguka taratibu, ukaanza kucheka bila sauti, mabega yanaruka chini ya sweta. "Wanafunga maji wasafishe! Mimi mara ya kwanza nilikuta hivyo hivyo. Nimetembea na Alhamisi yangu yote, navuta kibao, matope! Nililia, Baba Neema. Mtu wa kalenda hajui hilo. Mtu wa kalenda angeniletea maji."

Akasukuma sinia la maharage pembeni, akageukia sebuleni.

"Mwalimu! Zima hiyo televisheni, njoo. Huyu amefika."

Kigari kikaja kikigonga sakafu. Bibi mwalimu akasimama mlangoni, ananitazama juu hadi chini. "Amefika wapi?"

"Mwache aseme mwenyewe," Yaya akasema, akanisogezea kiti.